Mpangaji wa Kibanda cha Adhabu

Katika maisha yangu yote ya hoki ya barafu nilifunga mabao manne, na moja kati ya hayo nililifunga langoni mwetu wenyewe. Nilikuwa beki. Kazi yangu ilikuwa kumbamiza mtu ukutani kabla hajapata wazo zuri, na nilipoifanya kwa bidii iliyopita kiasi, mwamuzi alinipeleka kwenye kibanda cha adhabu nikakae nitafakari. Nilitafakari sana. Watu wa Wytsum, mji wetu mdogo wa mkoa wa Friesland, Uholanzi, walinipa jina la Mpangaji. Walisema kama ningekuwa nakilipia kile kibanda kodi, ningekuwa nimeshakinunua na kutundika mapazia.

Magoti yangu yalipokataa kucheza, bado yalikubali kukunjwa kwa sala, ingawa kwa mlio. Nilikuwa dereva wa lori la maziwa, nikizunguka mashambani tangu alfajiri, na kila nilipopita mbele ya ukumbi wa barafu nilipunguza mwendo nichungulie. Nikamwomba Mungu anirudishe kwenye barafu. Sikutaja barafu ya nani. Hapo nilikosea, maana Mungu ni mcheshi kuliko wachungaji wetu wanavyokubali.

Wiki haikuisha. Bi Renske, mwenyekiti wa chama cha mbio za barafuni, alisimama katikati ya barabara na baiskeli yake, akanizuia lori.

"Gosse, wewe si unaijua barafu?"

"Nimeiangukia karibu yote, Bi Renske."

"Basi utawafundisha dada zetu. Kocha wao amemfuata mchumba wake Groningen, na hakuna mwingine anayeitaka kazi."

"Lakini mimi ni mtu wa hoki."

"Najua," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba. "Nimeshaliombea hilo."

Watu wa hoki na watu wa mbio hutumia ukumbi mmoja, na hawapendani. Wa mbio husema wa hoki wanaichimba barafu kama wanavuna viazi. Wa hoki husema wa mbio wanaijua kona moja tu, ya kushoto. Kwa hiyo siku nilipoingia ukumbini nikiwa na viatu vya mbio mkononi, Douwe, mwenyekiti wa chama cha hoki, ambaye tulicheza pamoja miaka mingi, alivua kofia kana kwamba jeneza linapita.

"Pole, Mpangaji. Ulianza kuumwa lini?"

Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimeomba asubuhi hiyo nipewe unyenyekevu, na nikadhani huo ndio wenyewe. Wenyewe ulikuja dakika chache baadaye.

Kiatu cha hoki kina kisu kifupi, kimepinda kidogo kama ndizi. Ukitaka kusimama unageuza miguu kiubavu, barafu inaruka kama unga, na watu wanakutazama kwa heshima. Kiatu cha mbio kina kisu kirefu kilichonyooka kama rula, na hakijui habari ya kusimama. Niliwaendea wanafunzi wangu kwa kasi, nikageuza miguu kiubavu kama nilivyozoea, na kisu kikakataa. Niliwapita nikiwa nimekaa. Niliendelea hivyo hivyo, nimekaa, mpaka kwenye magodoro ya ukutani.

Sauti ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya Baukje.

"Kocha, hiyo ni breki au ni ibada?"

Walikuwa watatu. Jeltsje, binti wa mfugaji, alikuwa na mapaja kama nguzo za daraja na subira ya ndama aliyefunguliwa zizini. Wytske alikuwa muuguzi, na alisema maneno machache. Baukje aliuza mikate katika duka la kona, na alisema maneno yote yaliyobaki.

Mbio zao ni za timu. Watu watatu wanateleza kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, wa mbele akiwakatia upepo wenzake. Lakini saa haisimami wa kwanza anapofika. Inamsubiri wa tatu. Unaweza kuwa na farasi wawili mbele, bado muda wenu ni muda wa yule anayekuja nyuma akihema.

Wa tatu wetu alikuwa Baukje.

Kwa kuwa sikujua chochote, nilijiandikisha masomo ya jioni ya ukocha. Tulikaa katika darasa la watoto wa shule, kwenye viti vya watoto wa shule, na magoti yangu yalikuwa karibu na masikio. Wenzangu wote walikuwa na umri wa binti yangu. Mwalimu wetu, Fardau, alikuwa amewazidi kidogo tu, mwanamke mwembamba asiyetabasamu bila sababu, ambaye pia alikuwa mwamuzi wa mbio. Niliandika kila alichosema, hata pale alipotuomba tufunge dirisha.

Katika mtihani wa kwanza kulikuwa na swali: kocha afanye nini mwanariadha wake anapochoka katikati ya mbio? Nikaandika, kwa moyo wangu wote: *Amwombee.*

Fardau akaandika pembeni kwa wino mwekundu: *Na halafu?*

Lilikuwapo swali jingine, juu ya mahali kocha anaporuhusiwa kusimama na mambo asiyoruhusiwa kuyafanya hapo. Katika hilo nilipata sifuri. Niliona kuwa ni swali la watu wasiojua kusimama barafuni. Nilikuwa nimeomba kabla ya mtihani, basi nikafeli kwa amani.

Mwezi huo huo Bi Renske alituita nyumbani kwake. Akatugawia kahawa, na biskuti moja moja, kisha akafunga kopo, nasi tukajua kikao kimeanza.

"Saa yetu ya Jumanne," akasema. "Chama cha hoki kinaitaka."

Baukje akaweka kikombe chini. Saa ya barafu ya Jumanne jioni ndiyo timu yenyewe. Ukumbi ni mmoja, vyama ni vingi, na saa nzuri hugawanywa kama mashamba ya urithi. Timu isiyo na saa ya jioni haipati watu wenye kazi za mchana, na dada zetu wote walikuwa wafanyakazi.

"Tayari wana saa tatu za jioni!" akasema Jeltsje.

"Wana watoto wengi. Sisi tuko wachache. Meneja wa ukumbi amesema hivi: tukiwa miongoni mwa timu mbili za kwanza katika mashindano ya mkoa mwezi wa pili, saa inabaki. Tusipoingia, inakwenda kwa Douwe, na timu hii inavunjwa."

Wote wakanitazama mimi. Nilijua wanachokiona: mtu wa hoki aliyetumwa kuilinda saa isichukuliwe na hoki. Ni kama kumpa paka ufunguo wa kabati la jibini.

"Msiniangalie hivyo," nikasema. "Mimi niko upande wenu."

"Hilo ndilo linalotutisha, Kocha," akasema Baukje.

Desemba na Januari tulifanya kazi. Nilipunguza kuanguka. Nilianza kuelewa jinsi mgongo unavyolazwa, jinsi mguu unavyosukuma pembeni na si nyuma, na kwa nini mikono hutulia mgongoni kama ya mzee anayekagua bustani. Lakini kila nilipojaribu kuwapa kitu cha kwangu mwenyewe, kilikuwa ni kitu cha hoki, nao walikipokea kama samaki wa juzi.

Mpaka Fardau alipotufundisha habari ya kusukuma. Siku hizi, akasema, timu nyingi hazibadilishani mtu wa mbele. Mwenye nguvu anabaki mbele, na wa nyuma wanamsukuma kwa mkono, kila mmoja akimsukuma aliye mbele yake, ili nguvu za wote zitumike na pasiwe na anayebaki nyuma.

Nilikaribia kusimama kwenye kile kiti cha mtoto nipige kelele za shukrani. Kusukuma! Miaka yote ile, kumbe nilikuwa nasomea!

Jumanne iliyofuata nikawapanga mstari, nikajiweka nyuma ya Wytske. "Tazameni," nikasema, "hapa sasa mna mtaalamu." Tukatoka kwa kasi, tukaingia kwenye kona, nami nikasukuma. Nilisukuma kama nilivyojua. Wytske akampiga Jeltsje, Jeltsje akatoka kwenye kona kama kizibo cha chupa, na wote wawili wakaishia kwenye magodoro. Baukje, aliyekuwa nyuma yangu, akapita taratibu akiwapungia mkono.

Wytske akainuka, akajipangusa theluji usoni. Kwa kawaida hakuwa mtu wa kusema. Siku hiyo alisema.

"Kocha, umewahi kusukuma kitanda cha mgonjwa?"

"Hapana."

"Mimi ndiyo kazi yangu. Ukikisukuma kwa kishindo, mgonjwa anaanguka, na dripu inang'oka. Unaweka mkono kwanza. Unasubiri kitanda kianze kwenda chenyewe. Ndipo unakisaidia. Mkono hautoki."

Akanigeuza, akaweka kiganja chake nyuma ya kiuno changu, na tukazunguka ukumbi wote hivyo. Sikusikia kusukumwa. Nilisikia tu kwamba nimekuwa kijana. Nilipomaliza nilikuwa na machozi, nikasingizia baridi.

"Kocha analia," akasema Baukje.

"Ni upepo."

"Upepo gani humu ndani?"

Basi Wytske ndiye aliyewafundisha kusukuma, na mimi nikashika saa. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa kipaji cha kushika saa.

Nilikuwa na hofu moja tu, nayo ilikuwa Jeltsje. Katika mizunguko ya mwisho, akisikia watu wanashangilia, damu ya mababu zake ilimpanda. Babu yake na baba wa babu yake walishindana wawili wawili kwenye mifereji iliyoganda, na katika mashindano yale mtu anajua jambo moja: kumwacha mwenzake nyuma. Akianza kutimka, alimwacha Baukje kama mtu anavyosahau mwavuli.

Hofu ya pili ilikuwa mdomo wangu, lakini hiyo nilikuwa nayo tangu ujana. Usiku wa kuamkia mashindano nilipiga magoti nikaomba sala fupi: "Bwana, kesho nifunge mdomo. Unajua ninavyokuwa."

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wetu wenyewe, Jumamosi. Timu sita zilikuja. Kila timu ilikuwa na mbio mbili, moja asubuhi na moja mchana, mizunguko sita kila moja, na muda wao mzuri zaidi ndio ungehesabiwa. Bi Renske alikaa mstari wa mbele na chupa yake ya supu ya dengu. Douwe alikaa nyuma yake na jaketi la chama cha hoki. Mwamuzi mkuu alikuwa Fardau.

Kabla ya mbio niliwapa dada zangu peremende moja moja, kama tunavyopeana kanisani mahubiri yanapoanza.

"Mahubiri ni marefu kiasi gani leo?" akauliza Baukje.

"Mizunguko sita."

"Basi nitaimung'unya polepole."

Mbio za asubuhi zilianza vizuri. Jeltsje mbele, Wytske katikati, Baukje nyuma. Nilisimama barafuni kwenye njia ya makocha, kando ya njia ya mbio, nikiwa na kibao changu cha kuandikia muda, nimevaa viatu vyangu vya zamani vya hoki, kwa sababu vile vya mbio bado vilinidharau mbele za watu. Mizunguko mitatu mdomo wangu ulikuwa umefungwa kweli. Mzunguko wa nne watu wakaanza kushangilia, na Jeltsje akainua kichwa. Nikaiona shingo yake. Nikajua mababu wamefika.

"Jeltsje!" nikaita. "Polepole!"

Hakusikia. Wytske akamfuata, maana angefanya nini? Nafasi kati ya Wytske na Baukje ikafunguka, kwanza mkono mmoja, kisha mwili, kisha lori.

Hapo nilisahau ukocha, masomo ya jioni na sala yangu yote. Niliteleza sambamba nao nikipiga kelele ambazo sitaziandika hapa, nikafika mwisho wa njia ya makocha, na nikasimama kwa namna pekee niliyoijua. Nikageuza miguu kiubavu. Breki ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Barafu iliruka kama unga, ikapanda juu, ikavuka mstari, na ikatua kwenye njia ya mbio, mbele ya Baukje.

Hakuanguka, Mungu ni mwema. Lakini aliyumba, akapoteza mwendo, na alipofika mwisho wenzake walikuwa wameshainamia magoti yao wakihema.

Nafasi ya nne.

Fardau alikuja kwangu taratibu. Hakupaza sauti.

"Gosse, swali hili nilikuuliza darasani."

"Nakumbuka, mwalimu."

"Ulipata nini?"

"Sifuri."

"Mchana hutaingia kwenye barafu. Utakaa kule." Akanyoosha kidole.

Nikatazama alikonyooshea, na nikaona kwamba Mungu amejibu sala yangu, ila si kwa njia niliyoitegemea. Kulikuwa na benchi moja tu nyuma ya ukuta wa uwanja, lenye kioo mbele na kilango kidogo pembeni. Kilikuwa ni kibanda cha adhabu, kile kile changu. Hata ule mkwaruzo niliouchora kwa gongo langu la hoki miaka iliyopita ulikuwa bado upo.

Niliwakuta dada zangu chumba cha kubadilishia nguo. Jeltsje alikuwa amejifunika taulo kichwani. Nikawaambia.

"Kwa hiyo mchana hatuna kocha," akasema Wytske.

"Mnaye. Yuko nyuma ya kioo, hasikiki."

Jeltsje akasema kutoka ndani ya taulo, "Ni mimi. Nimeipoteza saa yetu."

"Bado hujaipoteza," akasema Baukje. "Sikieni. Mimi nikiwa nyuma, hamnioni na hamnisikii, mnanikumbuka mkishafika. Niwekeni katikati. Wytske anisukume mimi, mimi nimsukume Jeltsje. Mkono wangu ukiwa mgongoni kwake atajua nipo. Ukitoka, ajue hayupo peke yake mbele, yupo peke yake duniani."

"Na nikianza kutimka?" akauliza Jeltsje.

"Nitakupigia kelele. Mimi nauza mikate Jumamosi asubuhi, dada yangu, duka limejaa wakulima wanaogombania mikate. Sauti ninayo."

Wakanigeukia mimi, wanisikie nitasemaje. 

"Nitawaombea," nikasema.

"Omba kwa bidii, Mpangaji," akasema Baukje. Hilo jina sikuwahi kulisikia kinywani mwake. 

Mchana nikaingia kibandani. Haikupita muda, kilango kikafunguka na Douwe akaja kukaa karibu nami, ananuka kahawa na furaha.

"Nimekumbuka mambo ya zamani," akasema. "Tulikuwa tukikuona hapa tunasema, basi, Gosse yuko nyumbani."

"Umekuja kunicheka?"

"Nimekuja kuitazama saa yangu ya Jumanne."

Mlio ukalia, wakaondoka. Jeltsje, Baukje, Wytske. Nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Mzunguko wa kwanza, mkono haukutoka. Wa pili, haukutoka. Niliomba bila maneno, maana maneno yangu yote yalikuwa yanagonga kioo na kunirudia. Mzunguko wa nne watu wakaanza kushangilia, na nikaiona shingo ya Jeltsje inainuka.

Halafu nikasikia, kupitia kioo na kelele zote zile:

"JELTSJEEE! MKATE MMOJA MMOJA!"

Ukumbi mzima ulicheka. Jeltsje naye alicheka, nikaona mabega yake yakitikisika, na kichwa kikashuka. Mkono wa Baukje ukabaki pale mgongoni. Mkono wa Wytske ukabaki kwa Baukje. Mzunguko wa tano Baukje aliishiwa kabisa, hilo nililiona kwa magoti yake, lakini Wytske alimleta kama anavyowaleta wagonjwa wake kutoka chumba cha upasuaji, bila kishindo, bila kung'oa kitu. Walivuka mstari visu vitatu karibu pamoja, kiasi kwamba sikuweza kusema wa tatu alikuwa nani.

Tukasubiri ubao wa matokeo. Douwe naye alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

Nafasi ya pili.

Nilitaka kuruka nitoke, lakini kilango kile kinafunguliwa kwa nje, na mlinzi wa kilango alikuwa amekwenda kununua soseji. Kwa hiyo nilisherehekea ushindi mkubwa wa maisha yangu nikiwa nimefungiwa na Douwe, tukigonga kioo. Bi Renske alitupungia kikombe cha supu.

"Haya," akasema Douwe hatimaye. "Mmeipata. Watoto wangu wadogo wataendelea kuja saa kumi na mbili asubuhi ya Jumamosi. Wanakuja bado na usingizi, maskini. Nusu ya makocha wangu hawaamki."

Nikamhurumia, kweli. Wale walikuwa watoto, na hoki bado ni hoki.

"Nitawaombea," nikamwambia.

Kilango kikafunguka. Alikuwa Fardau, amekuja kunitoa. Alikuwa amesikia.

"Na halafu?" akasema.

Ndiyo maana siku hizi Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi nipo ukumbini na watoto wa hoki ishirini wenye tongotongo, nikiwafundisha kuweka mkono kwanza na kusubiri. Hawanielewi hata kidogo. Wanabamizana kwa furaha kubwa. Mtihani wa Fardau niliurudia mwezi wa nne nikafaulu, si sana.

Na Jumanne ya kwanza baada ya mashindano, nilipofika katika saa yetu, nilikuta benchi la kibandani limewekewa mto. Baukje ndiye aliyeushona, kwa kitambaa cha mfuko wa unga, na kwa uzi wa buluu akatarizi jina langu la zamani. Nimeukalia mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili mwamuzi alikuwa na haki.